Mama Alipopona kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia kwamba mama ameanguka, swali la kwanza lililonitoka halikuwa kama yuko hai. Nilimuuliza, "Kwani bado yuko kwako?"

Sijivunii swali hilo, lakini ndivyo nilivyouliza, na mdogo wangu alilisikia vizuri. Aliniambia jina la hospitali, akakata simu.

Mama alikuwa ametoka Kitui wiki tatu kabla ya hapo kuja kututembelea mjini. Alifikia kwa mdogo wangu Kawangware, akasema atakaa huko wiki moja halafu aje kwangu Kibera, katika kijiji cha Raila, ambako nimeishi na kushona nguo tangu niolewe. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Nilikuwa nimenunua godoro na kushona pazia jipya la kugawa chumba. Kila nilipopiga simu kuuliza anakuja lini, aliniambia kesho kutwa, na nyuma ya sauti yake nilimsikia mdogo wangu akicheka na wateja wake. Yeye ni msusi, na husuka watu nywele pale pale mlangoni kwake.

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameketi kitandani akinywa chai. Kikombe kikamponyoka. Akainama kukiokota kwa mkono wa kulia, mkono ukakataa kwenda. Alipojaribu kusema kitu, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Mdogo wangu hakungoja. Aliita vijana wawili wa ile ploti ya nyumba za kupanga, wakambeba hadi barabarani. Daktari alituambia baadaye kwamba kilikuwa kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, mshipa ulikuwa umeziba, na kwamba kama angecheleweshwa, pengine tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Watu wote walimsifu mdogo wangu kwa kutopoteza wakati. Nami nilimsifu. Lakini moyoni nilikuwa nikijiambia kwamba kama mama angekuwa kwangu siku hiyo, mimi pia ningekimbia, na sifa hizo zingekuwa zangu.

Siku ya kutoka hospitalini nilisema mama anakuja kwangu. Mdogo wangu alijaribu kunieleza kwamba kwake ni sakafu ya chini, kuna korido ndefu ya simiti na maji ya mfereji uani. Nilimwambia mimi ndiye kifungua mimba, hilo jambo halina mjadala. Alinitazama, akachukua mfuko wa nguo za mama akanikabidhi.

Nilimtunza mama kwa nguvu zangu zote. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine. Niliamka mapema nikampikia uji wa wimbi, nikamlisha kijiko kwa kijiko, nikimpangusa upande wa mdomo ulioshuka. Nilimwosha, nikamvalisha, nikamfunga kilemba. Mume wangu ni bawabu katika mtaa wa Nyayo Highrise, hufanya kazi usiku na kulala mchana, na asubuhi kabla hajalala alinisaidia kumgeuza mama ili asipate vidonda. Majirani walipita mlangoni wakasema, "Huyu mama ana bahati ya mtoto." Maneno hayo yalinishibisha kuliko chakula.

Mama mwenyewe alisema kidogo tu. Maneno aliyobaki nayo yalikuwa machache, na yote ya Kikamba, lugha tuliyozungumza nyumbani. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani, kiganja kikitazama juu. Wakati mwingine nilimwona akiuangalia.

Tulipoenda kliniki ya mazoezi ya viungo, mdogo wangu alikuja pia. Fizio, yule wa kufanyisha mazoezi, alikuwa dada mchanga mwenye lafudhi ya watu wa ziwani, nywele zimekatwa fupi, mikono imara kama ya mkulima. Alimshika mama mkono, akauinua, akauachilia, akauliza, akimwita mama nyanya kwa lugha ya mtaani, "Shosho analishwa na nani?"

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa nimeingoja hiyo nafasi.

"Kumwosha?"

"Ni mimi."

"Vifungo za sweta?"

"Hata hizo. Hagusi kitu."

"Basi mama, nitakuomba uache," akaniambia, tena kwa upole. Kisha akavuta stuli akaketi karibu nasi. "Kuna sehemu ya ubongo ya shosho imekufa kwa kukosa damu. Hiyo hairudi. Lakini kando yake kuna sehemu imebaki hai, na iko na njaa. Mwili unajaribu kuotesha mishipa mingine midogo midogo, ndio damu ifike hapo kwa njia ingine. Sasa hiyo kazi ya kuotesha inaitishwa na kutumia mwili. Akitembea mpaka moyo upige, akishikashika vitu na huu mkono mbaya, ubongo unaitisha damu. Ukimfanyia kila kitu, hakuna kinachoitishwa."

Nilihisi uso wangu ukipata moto. Miezi miwili ya kuamka alfajiri, na msichana huyu ananiambia mbele ya mdogo wangu kwamba nimekuwa nikimnyima mama damu.

"Hakuna dawa ya kuotesha hiyo mishipa?" nikauliza.

"Watu wanaitafuta," akasema. "Wanajaribu hii na ile. Lakini ya kumpa shosho leo, hakuna. Kwa sasa ni tembe zake za presha bila kukosa hata siku moja, kupunguza chumvi, na mazoezi. Polepole. Siwezi kukuahidi nguvu zitarudi zote."

Mdogo wangu alikuwa ametoa simu, anarekodi kila zoezi. Aliuliza maswali ya maana. Ni mara ngapi kwa siku? Akichoka nitajuaje? Inafaa kuufunga ule mkono mzima ili huu mbaya ulazimike kufanya kazi? Fizio alimwangalia kwa furaha, akasema ndiyo, hata saa moja kwa siku, bora mtu awe karibu. Mimi nilianza kumfungia mama sweta.

Nilijaribu. Lakini Raila si mahali pa kumfundisha mtu kutembea. Ukitoka mlangoni kwangu kuna hatua mbili za udongo, kisha mtaro, kisha njia ambayo watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Mama alitembea kutoka kitandani hadi kwenye cherehani na kurudi. Kijiko nilimpa mwenyewe, akamwaga uji kifuani, na kabla hajakiinua mara ya tatu nilikuwa nimekichukua tena. Sikuweza kumtazama akihangaika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Siku hizi nadhani kuna jambo lingine pia: kila alipofungua kinywa kupokea kijiko changu, alikuwa wangu peke yangu.

Januari shule zilipofungua, kazi ya sare ilinijia kwa wingi, nikawa nashona toka kuche hadi jua lizame. Mdogo wangu akasema nimwachie mama wiki mbili tu. Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia.

Jumapili ya pili nilienda Kawangware baada ya kanisa. Nilipofungua geti la ploti nilimwona mama amesimama kwenye korido. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa leso, ule wa kulia umeshika ukuta. Akaanza kunijia. Mguu wa kulia ulichora nusu duara kila hatua, lakini alikuja, mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wapangaji wametoka nje wakimpigia makofi kama anavyopigiwa mtoto anayeanza kutembea. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, mikono imenyooshwa bila kumgusa.

"Umemwona?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa na machozi.

Nilisema, "Nimemwona." Nilijua kwamba hapo ndipo binti anapaswa kulia kwa furaha. Mimi nilichohisi ni kitu kichachu kilichopanda kutoka tumboni kikakaa kooni. Mama alikuwa amepona hatua kumi na tano, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Tulikula wali na maharagwe. Mama alishika kijiko kwa mkono ule wa kulia, umekunjwa kama ukucha wa kuku, na nusu ya wali ikaishia mapajani. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Akausukuma. "Acha," akasema kwa Kikamba.

Lilikuwa neno safi, bila kukwama popote. Lilikuwa neno la kwanza kamili aliloniambia tangu aanguke.

Baada ya chakula mdogo wangu alimletea nyuzi za mkonge. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeshindwa toka zamani. Mama alikuwa fundi wa viondo, vile vikapu vya kwetu vya nyuzi. Kule Kitui alijulikana kwa hilo, na alimfundisha mdogo wangu toka akiwa na miaka sita, wameketi kando kando jioni, miguu imenyooshwa, wakisokota uzi juu ya paja na kucheka mambo ambayo sikuyasikia. Sikuyasikia kwa sababu nilikuwa jikoni. Mimi nilichota maji, nilipika, nilimbeba huyo mdogo wangu mgongoni hadi akaweza kutembea. Nilipoomba kufundishwa nami, mama alisema, "Nani atatupikia?" Alisema kwa mzaha, na nina hakika alisahau siku hiyo hiyo.

Sasa mdogo wangu aliweka uzi juu ya paja la mama, akaweka kiganja cha kulia juu yake, na kile kiganja, ambacho kwangu kililala miezi kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe, kikaanza kusugua. Mbele, nyuma. Uzi ulikuwa legelege, lakini ulijisokota. Mama alimtazama mdogo wangu, akasema kitu nusu, na mdogo wangu akamalizia, na wote wawili wakacheka.

Nilisema nawahi kazi. Haikuwa kweli.

Nilitembea kuelekea barabara kubwa nikiwa nimejaa hasira ambayo sikujua ni ya nani. Karibu na soko kulikuwa na umati. Mwanamume aliyevaa koti jeupe kama la daktari alikuwa ameweka spika juu ya stuli, na nyuma yake ametundika picha ya kichwa cha binadamu kilichojaa mishipa myekundu kama mizizi ya mti. Alikuwa anaongea juu ya kiharusi. Alisema ubongo wa mgonjwa una kiu ya damu, na kwamba dawa yake inaotesha mishipa mipya ndani ya siku saba. Alisema karibu maneno yale yale ya fizio, ila yeye aliyamalizia kwa chupa.

Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba dawa hiyo haipo. Lakini nilisimama pale nikamwona mama akilini mwangu akitembea kutoka mlangoni kwangu, akivuka mtaro wa Raila bila kushika kitu, na majirani wakiuliza ni nani amemponya. Nilinunua chupa mbili.

"Na tembe za hospitali?" nikamuuliza.

"Hizo zinapigana na hii," akasema. "Mpumzishe nazo wiki moja. Utakuja kunishukuru."

Siku iliyofuata nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia sare zimeisha, wiki mbili zimepita, namtaka mama arudi. Alinisihi. "Dada, ameanza kushika. Tumefika hadi mtaa wa Satellite juzi, nimemshikilia, akapumzika dukani tukarudi. Mwache mwezi huu uishe."

"Ni mama yako peke yako?" nikamwambia.

Alimleta mwenyewe. Alinipa kopo la tembe, akanieleza ya asubuhi na ya jioni kana kwamba sijui, na akaacha kifurushi cha mkonge ambacho nilikisukuma chini ya kitanda mara tu alipoondoka.

Dawa ile ilikuwa nyeusi, nzito, na harufu yake ilikuwa ya majani yaliyooza. Niliichanganya kwenye uji na kuongeza sukari. Kopo la tembe nililiweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria. Nilimlisha mama kwa mkono wangu. Alikunja uso alipoonja, akanitazama muda mrefu, kisha akafungua kinywa tena. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimtembeza kidogo chumbani na nikajiambia kwamba mguu umechangamka.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa nashona kola nilipomsikia anapumua vibaya. Nilipogeuka, ule upande wa mdomo uliokuwa umeanza kunyooka ulikuwa umeshuka tena. Alishika kichwa kwa mkono wa kushoto. Nilimwita akanitazama kama anayetazama mtu aliye mbali sana.

Nilimwamsha mume wangu. Alimbeba mama mgongoni kama mtoto, bila viatu, akapita kwenye zile njia nyembamba akipaza sauti watu wampishe, nami nyuma yake nikiushikilia ule mguu uliokuwa ukining'inia usigonge mabati.

Mdogo wangu alifika hospitalini kabla ya daktari kutoka kumwona mama. Presha ilikuwa juu mno. Daktari, mzee mpole mwenye miwani, alituuliza sisi wawili, "Amekuwa akimeza dawa zake? Kuna kitu kingine amepewa?"

"Hapana," nikasema. "Ni zile zile tu."

Mdogo wangu alikuwa na mfuko wangu, niliompa anishikie nilipokuwa nikijaza fomu. Katika haraka ya kutoka nilikuwa nimetupa kopo la tembe ndani yake. Alilitoa amwonyeshe daktari ni dawa gani, akalifungua, akaona lilivyojaa. Alilifunga tena polepole. Alimsomea daktari jina la dawa tu. Aliniomba tutoke nje.

Tuliketi kwenye benchi la korido. Kulikuwa na mwanamke anayenyonyesha upande wa pili, na mdogo wangu akazungumza kwa sauti ya chini ili yule asisikie.

"Ulimpa nini?"

Nilimwambia. Nilianza na mtu wa koti jeupe, nikarudi nyuma hadi kwenye mkonge, hadi kwenye korido ya ploti na makofi ya wapangaji. Nilishangaa kusikia yakitoka yote kwa mpangilio, kana kwamba nilikuwa nimeyaandika mahali. Nilingoja anipige au apige kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake yenye rangi ya dawa ya nywele kwenye kucha.

"Ulitaka apone," akasema, "ama ulitaka apone kwako?"

Nilisimama, nikarudi ndani nikamtafuta daktari, nikamwambia nimedanganya. Nilimweleza juu ya chupa na juu ya tembe. Aliandika kwenye faili bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Ungeniambia mara ya kwanza ingekuwa vizuri zaidi." Akaingia kwa mama.

Kilikuwa kiharusi kidogo, cha onyo. Jioni hiyo mdomo ulianza kurudi mahali pake na kufikia kesho yake akawa anatutambua. Lakini mguu ulikuwa umerudi nyuma miezi, na fizio alipomwona wiki iliyofuata alisema tuanze na kusimama tu. Aliuliza ilikuwaje. Mdogo wangu akasema, "Presha ilipanda." Alinificha. Hilo nalo lilinichoma, kwamba hata katika jambo hili yeye ndiye awe mwema.

Mama akaenda Kawangware, na safari hii sikusema kifungua mimba ni nani. Kwa majuma mawili sikwenda. Mume wangu ndiye aliyenisukuma. Mchana mmoja aliamka, akakuta nimekaa mbele ya cherehani bila kushona, akaniambia, "Nenda umwone mamako. Hiyo aibu utaibeba hata ukiwa huko."

Nilimkuta mama peke yake kwenye kiti cha plastiki, mdogo wangu amekwenda kununua nywele za kusukia. Niliketi chini miguuni pake. Nilimwambia kila kitu, kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili kilisikika kama habari za watu wengine. Nilimwambia kwamba nilitia kitu kwenye uji wake.

"Najua," akasema. Alitafuta neno lililofuata kwa muda. "Chungu."

"Sasa mbona ulikunywa?"

Aliinua ule mkono wa kulia, ukatetemeka, akauweka juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito na haukuwa na shabaha, vidole viwili vilinigusa sikio.

"Ulinipa wewe," akasema.

Nililia hapo sakafuni hadi mdogo wangu akarudi. Aliweka vifurushi vyake chini, akatupita, akaenda kuinjika chai.

Tuligawana siku. Mimi nilienda Jumanne na Jumamosi, na mdogo wangu akanifundisha kama alivyofundishwa: simama nyuma, usimshike ila akianguka, mwache amwage. Jambo gumu zaidi lilikuwa kutomshika. Niliweka mikono mgongoni na kuvuta vidole. Tulianza na mlango mmoja wa korido, tukafika geti, tukafika duka la kwanza. Ilipofika Agosti tulikuwa tunaenda tena hadi Satellite, yeye akihema, jasho likimtoka puani, na mimi nikikumbuka maneno ya fizio kuhusu moyo kupiga na damu kuitwa. Sijui ndani ya kichwa chake kuliota nini. Hakuna aliyetupiga picha ya kutuonyesha. Niliona tu kwamba mwezi huu kikombe nusu kilifika mdomoni bila kumwagika, na mwezi uliopita hakikufika.

Mkonge ulibaki wa wao wawili. Siku moja niliomba nijaribu, na mama akaniwekea uzi pajani. Nilisugua, ukatoka kama mkia wa panya aliyeloa. Mama alicheka hadi akakohoa, akaufumua, akampa mdogo wangu. Nilicheka pia. Halafu nilikwenda uani kuosha vyombo, na nikiwa nimeinama pale kwenye mfereji nikasikia vicheko vyao na nikahisi kile kitu kichachu kimepanda tena, mahali pale pale. Nilikuwa nimedhani baada ya yote yale kingekuwa kimekufa. Nilikiacha kikae, nikamaliza vyombo.

Mama alirudi Kitui mwaka na miezi miwili tangu aanguke. Anatembea na fimbo, na mkono wa kulia unashika kikombe, kitasa, na mkono wa mtu anayemsalimia. Kiondo kizima hawezi tena kukimaliza, husokota nyuzi na wengine hufuma. Tembe zake hazikosi. Simu akipiga, huanza kwa mdogo wangu, halafu mimi. Najua kwa sababu huwa nauliza.

Mwezi uliopita nilienda kumwona peke yangu kwa mara ya kwanza, nikakaa siku kumi. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema, nikavaa viatu nimtembeze. Nilipotoka nje nilikuta jirani yake mmoja, mama wa makamo mwenye sauti kubwa, yuko tayari mlangoni. Kumbe hutembea naye kila siku hadi kwenye barabara ya zahanati na kurudi. Mama alinitambulisha kwake kwa maneno matatu, akashika bega la yule mama, wakaondoka wakipiga soga.

Ndiyo, nilimwonea wivu hata yule. Nilitaka kumwambia arudi kwake, kwamba leo mwenyewe nipo. Badala yake nilichukua fimbo ambayo mama alikuwa ameiacha ukutani, kwa kuwa akiwa na rafiki yake haitaki, nikawafuata kwa nyuma, hatua chache, mikono imeishika ile fimbo mgongoni. Walitembea haraka kuliko nilivyotarajia. Ilinibidi nikaze mwendo.